Chupa ya Maji Matupu

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa uzito wa mimba. Miguu bado inavimba? Shemeji naye anakula vizuri tangu asimamishwe kazi? Mimi ni mzima wa mwili, ila roho haijatulia.

Kazi yetu pale maabara unaijua: tunakamua matunda, tunadondosha maji yake kwenye matangi ya vioo, tunahesabu perege wangapi wamekimbilia harufu. Nanasi hawana habari nalo. Pera wanaligombania. Maji matupu tunadondosha kwa kulinganisha tu, na samaki hawapaswi hata kugeuka.

Mwezi uliopita, nilipokabidhiwa pia kazi ya kukamua, wakaanza kugeuka. Nadondosha maji matupu, hao, mbio! Nikajua kuna mkono wa mtu. Chumba kile tunaingia wawili tu, mimi na shemeji. Nikaanza kumchunguza. Anatoka wa mwisho, begi limetuna, na nikimuuliza kabeba nini anacheka, ati siri ya nyumbani. Siku moja nikanusa koti lake: pera tupu! Nikasema huyu anachezea chupa zangu nionekane sijui kazi. Usinicheke, nilifikia hatua ya kufunga uzi kwenye vizibo. Uzi haukukatika hata mara moja, nami nikazidi kumwogopa kwa ujanja wake.

Bosi akapata taarifa, na yaliyofuata unayajua.

Juzi barua yako ikafika. Umeandika kwamba siku hizi hakuna wa kukuletea mapera yanayobaki kazini, na tumbo lako halikubali kitu kingine. Kumbe ndiyo yaliyotunisha begi! Jana nikadondosha maji matupu, samaki wakaja mbio, na shemeji hayupo wiki ya tatu sasa. Nikaitazama mikono yangu. Asubuhi nakamua mapera, kisha kwa kidole kilekile naziba mdomo wa chupa nikiitikisa. Nikachukua chupa mpya, nikavaa glavu, nikadondosha tena. Hakuna aliyegeuka.

Dada, uliniomba nikutafutie aliyemchongea mumeo. Nimempata. Ni mimi.

Naona aibu hata kuandika. Kesho asubuhi naingia kwa bosi na chupa zote mbili, kisha nitakuja kwenu, mkinifungulia mlango.

Msalimie shemeji, na umsomee yote bila kuruka neno.

Ni mimi mdogo wako,
wa tumbo moja.