Kigelegele Kilichotoka Mapema

Wheaton, Maryland
Jumatatu jioni

Dada yangu Mkamburi,

Nakusalimu wewe kwanza kwa kuwa ndiwe utakayefungua bahasha hii. Mgongo unasemaje? Bado unabeba majani ya ng'ombe mwenyewe na vijana wamelala? Namsalimu shemeji Mwadime, kile kifua chake cha baridi kimetulia? Mwambie avae ile sweta niliyomtumia, asiifanye ya kanisani. Namsalimu Mghoi na mtihani wake, namwombea kila asubuhi nikingoja basi. Namsalimu Mwakio mdogo, nasikia meno ya mbele yameng'oka, basi ajifunze mluzi sasa pengo likiwa wazi. Namsalimu jirani yetu Mama Chao pamoja na kuku wake wanaomaliza mboga zako. Hata yule fundi aliyetuachia choo bila mlango msalimie, ila mwambie nikija tutaongea.

Na wa mwisho, kwa sababu ndiye wa kwanza, namsalimu Mama. Goti lake je? Anakula? Usiku analala? Nakuuliza wewe maana yeye simu yangu hashiki. Tangu ile picha ifike huko, hajashika.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Neema yuko na zamu zake za hospitali, mimi bado niko na yule bibi ninayemtunza, namwogesha, namlisha, ananiita jina la dada yake aliyekufa nami naitika. Mwili hauna neno. Moyo ndio umechoka, dada. Nimechoka na watu wa kanisa, nimechoka na mtoto wangu, na ningekuwa na nguvu ningechoka na wewe pia, kwa yale maneno uliyonitumia kwamba Mama amesema kinywa kilichobariki mambo yale hakiwezi kupiga kigelegele naye lango moja.

Ndiyo maana naandika. Shule yangu unaijua iliishia wapi, mkono wangu unaandika kama unachimba. Lakini nimeona ujumbe wa simu unakatwa mkia, unatumwa bila kichwa, kila mtu anaongeza chumvi yake. Barua mtu anaisoma kutoka juu mpaka chini. Nimempa Mama Zawadi, mwenzangu wa jikoni kanisani, anayekuja kumwona babake Voi. Umsomee Mama yote, usiruke pahali.

Haya, sikiliza ilivyokuwa.

Sisi Wakenya hatuna jengo letu. Tunaomba alasiri ya Jumapili katika kanisa la Wamarekani, wao wakishamaliza ibada yao ya asubuhi. Anayetufungulia ni mzee mmoja anaitwa Walter, ndiye mshika funguo na ndiye anayetunza maua. Wakati wa baridi huja mapema awashe moto ili tusikute viti kama barafu. Hatukumwomba. Na Baba Neema alipokuwa anakufa, Mama anajua hili, yule mzungu niliyemwambia alikaa nami hospitalini usiku ule Neema akiwa bado njiani, ndiye huyo. Aliniletea chai mbaya na akakaa.

Pale ofisini kuna dada mweusi wa hapa hapa Amerika, anaitwa Nia. Alisoma Kiswahili chuoni, anakiongea kama kitabu, kila neno limenyooka, mpaka tunaona haya sisi wenyewe. Siku moja akaja jikoni akanambia, "Mama Neema, tafadhali, mzee Walter atafunga ndoa Jumamosi. Anawaomba akina mama wa Kenya chapati na pilau, kwa kuwa harufu ya chakula chenu humtamanisha kila Jumapili."

Dada, wewe nikuulize. Kwetu mtu akikuambia kuna harusi, unauliza nini? Unauliza watu wangapi, nyama ni ya nini, maji ya kuoshea sufuria yatatoka wapi. Nani aliwahi kuuliza anayeoa anaoa nini? Nilifurahi tu, nikajua mzee amepata mke wa kumtunza. Nikauliza kama bibi harusi anakula pilipili. Nia akacheka, akasema pilipili hawaiwezi wote wawili. Mimi nikaenda kununua unga.

Jumamosi tukapika. Mimi, Mama Zawadi na wengine wawili. Chapati zilitoka laini, ungezikunja kama leso. Tukasikia piano imeanza ukumbini, na mlango wa jikoni unatokea pale pale maharusi wanapoingilia. Unatujua. Tulifuta mikono, tukajifunga leso, tukajipanga mlangoni kama tulivyofunzwa na Mama, kwamba bibi harusi asikanyage ndani kwa ukimya kama anaingia kwa daktari. Mlango ukafunguka, mimi nikaanza. Sikungoja kuona. Mama mwenyewe ndiye alinifunza usingoje kuona, kigelegele kitangulie mguu. Na wenzangu wakapokea.

Wakaingia wazee wawili. Walter na mwenzake mmoja anaitwa Leon, suti za kijivu, ua kifuani, wameshikana mikono. Walter aliponiona nikipiga kigelegele akaanza kulia machozi.

Sasa ungekuwa wewe ungefanya nini? Kigelegele kikishatoka hakirudi mdomoni. Kilikatika chenyewe katikati kama redio iliyoishiwa betri. Mama Zawadi alinivuta leso kiunoni. Tukarudi jikoni, tukaangaliana. Kisha nikapakua chakula. Watu walikuwa na njaa, dada, ningekimwaga?

Ile picha ni ya dakika ile. Mimi nimefungua mdomo, wazee mbele yangu. Sijui nani aliipiga, ila anayeisambaza amepachika maneno ati akina mama wa Kenya wabariki ndoa ya wanaume. Ikafika Nairobi, ikafika Wundanyi, ikafika kwa Mama kabla hata sijavua leso.

Pasta wetu akaniita. Si mtu mbaya, nataka Mama ajue hivyo. Siku za kazi anaendesha teksi Alexandria, Jumapili anahubiri na macho mekundu ya usingizi. Aliniambia angenyamaza kama ni chapati tu, chakula hata mfungwa hupewa. "Lakini kigelegele, Mama Neema, si chakula. Kigelegele ni baraka, na wewe unajua kuliko mimi." Hapo alinishinda, maana ni kweli. Akasema Jumapili nisimame mbele, niseme sikujua, niombe msamaha, yaishe. Akasema maaskofu wa nyumbani wanampigia, kwamba sisi tulioenda mbali ndio tunaoharibu.

Mimi nilikubali. Si ni kweli sikujua?

Nikamwambia Neema tukila. Huyu mtoto Kiswahili anakisikia chote lakini akikasirika hujibu Kiingereza tupu. Akaweka kijiko chini. Akaniambia nikisimama pale kuomba msamaha nitakuwa nasema naona vibaya kwamba watu wawili walifurahi, na mzee Walter atakuwa chumba cha pili akipanga vitabu vya nyimbo. Akasema kazini kwake kuna wauguzi wanaona haya kutaja wanaishi na nani kwa sababu ya watu kama sisi. Akasema ati hii ni chuki tumeivalisha nguo ya Jumapili.

Nikamwambia Neema, chuki unaijua wewe? Mimi sijamrushia mtu jiwe. Nilifunzwa ndoa ni ya mume na mke, nikafungishwa hivyo, nimemzika mume wangu hivyo, na sitajifunza nyingine uzeeni kwa sababu nimehamia nchi yenye theluji. Akasema, "Mami, hakuna aliyekuomba ujifunze. Umeombwa tu usimwaibishe." Akaondoka mezani. Chakula chake nilikifunika, kikalala.

Basi Jumapili nikasimama. Kanisa lilijaa, hata wale wa Oxon Hill wanaokuja mara moja kwa mwaka walikuwepo, umbea una basi lake. Pasta akanipa kipaza sauti. Nilikuwa nimepanga maneno mafupi, yakanitoka mengine.

Nikasema, "Sikujua, na Mungu anajua sikujua. Ndoa ninayoijua mimi ni ya mume na mke, sijabadilika. Lakini msiniambie nimwombe Mungu msamaha kwa kumpikia Walter. Huyo mtu amewawashia moto nyinyi nyote. Hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza analala na nani kabla ya kukalia kiti kilichopata joto."

Mama Zawadi akasema amina, peke yake. Pasta akachukua kipaza sauti pole pole kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akasema tuimbe.

Nilidhani nimesema vizuri, dada. Nilidhani kila mtu atapata kipande chake. Kumbe kila mtu alisikia kile kipande asichokitaka. Wa kanisa walisikia namtetea Walter, wakanivua uongozi wa jikoni. Sasa chai inapikwa na mabinti wanaochemsha majani mpaka yanakuwa dawa ya minyoo. Neema alisikia nimesema sijabadilika, na tangu siku hiyo anaongea nami kama ninavyoongea na dereva wa basi, asante, samahani, kwaheri. Na Pasta anataka tuhame jengo lile, ati twende Oxon Hill. Mimi niende Oxon Hill na basi gani? Kutoka hapa ni kama umtoe mtu Taveta aende kuomba Malindi.

Lakini si hayo yananinyima usingizi. Nia, aliyekuwa amekaa nyuma Jumapili ile, alimweleza Walter nilichosema. Chote, kwa kile Kiswahili chake kisichoruka kitu. Nikiosha sufuria zangu za mwisho pale, mzee akaja, akasimama mlangoni, mlango ule ule. Nikajua amekuja kunishukuru kwa kumtetea.

Akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo unaona mimi sina ndoa?"

Nikababaika. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuokota kwamba Biblia yangu ndivyo inasema, si mimi, na yeye ni mtu mwema sana. Akatikisa kichwa kama anayesikia bei. Akasema, "Nilikaa nawe usiku ule mumeo akifa. Sikukuuliza ndoa yako ilikuwa ya aina gani."

Akanisaidia kubeba sufuria mpaka kituo cha basi. Jumapili iliyofuata tulifunguliwa na mtu mwingine. Moto haukuwa umewashwa.

Dada, nisikilize. Mtu asiseme nimegeuka. Kitabu nakisoma kile kile, na pale kinaposema hivyo siwezi kukwaruza maandishi. Lakini jibu la kumpa mzee yule mlangoni sikulipata humo, na nimetafuta. Hawa wanaonikemea wa pande zote mbili wana maneno mengi, wote wamesoma kuliko mimi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amebeba sufuria.

Sasa nifike kwenye shida yangu. Desemba Neema anafunga ndoa hapo nyumbani, na kijana Musyoka mliyemwona kwenye simu. Mama alimwahidi huyu mtoto siku aliyozaliwa, kwamba atampigia kigelegele kutoka lango la kanisa mpaka mlangoni. Neema huku alikulia, mila zetu nyingi hazijui, lakini hiyo ameishika. Tangu akiwa mdogo alikuwa akiwaambia Wazungu shuleni kwamba ana bibi mwenye sauti inayovuka bonde. Sasa amesikia maneno ya Mama. Ameniambia kama Bibi hatapiga, na hasa kama atanyamaza kwa ajili yangu mimi mamake, basi hasafiri, watakwenda kuandikishwa mahakamani hapa wawili tu, siku ya katikati ya wiki, kisha warudi kazini. Yaani anikasirikie mimi kwa kumkataa Walter, na Mama anikasirikie kwa kumkubali Walter, halafu mtoto aolewe kimya kimya kama anaingia kwa daktari. Mimi nimekaa katikati nikipikia watu wote.

Mwambie Mama hivi. Simwombi aseme nilifanya vizuri. Akitaka kunigombeza nikifika, nitakaa chini anigombeze mbele ya Mama Chao na kuku wake. Lango lile nitamwachia peke yake, mimi nitasimama nyuma kwenye sufuria, mdomo nimeufunga. Lakini Neema asilipishwe kigelegele changu.

Nisalimie binamu yetu mwalimu, na shangazi mkubwa aliyebaki, na mama mkwe wako mwenye masikio mazito, msalimie kwa sauti. Msalimie katekista, hata kama ni yeye aliyeipeleka picha kwa Mama, nimeshasikia.

Na unijibu upesi, dada, tiketi zinangoja neno lenu. Kama Mama hataki kuongea nami, usimlazimishe. Nipigie jioni yenu Jumamosi, hapa Neema atakuwa hajaenda kazini, nami nitampa simu aishike yeye. Uiweke karibu na mdomo wa Mama. Asiseme hata neno. Apige kimoja tu, kisha ukate.

Mdogo wako mwenye sufuria na bila jiko,
Mama Neema