Sakafu Isiyotakiwa Kugusa Ukuta

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. U hali gani? Na wapwa zangu je, yule wa mwisho ameacha kutafuna sabuni? Mimi mwili mzima, ila moyo haukai kitako. Naandika saa ya mapumziko, nimekalia mfuko wa saruji, na hii ni mara ya tatu naianza barua. Mbili za mwanzo nimezichana.

Yako niliipata. Unasema shemeji ameacha kazi kwa kiburi, anashinda sebuleni akitazama dari, na leo siku ya tisa humsemeshi. Nimeisoma nikashindwa kula. Kabla hujaamua lolote, nivumilie nikueleze kazi tuliyokuwa tukifanya.

Hospitali tunayoijenga upya ina chumba cha pampu juu ya wodi ya wazazi. Pampu ikiwaka, zege hutetemeka, na mtetemo hushuka chini. Dawa yake ni sakafu mbili. Juu ya ile ya kwanza tunatandika nailoni, tunapanga vikombe vya chuma vyenye mpira ndani, kisha tunamwaga zege ya pili. Ikikauka, tunakaza skrubu za vile vikombe, kidogo huku, kidogo kule, mpaka sakafu nzima inanyanyuka vidole viwili na kubaki juu ya mpira tu. Pembeni kote tunaacha upenyo, tunauziba kwa gundi laini. Shemeji, msimamizi wetu, alikuwa akituambia, “Sakafu hii ni mkwe. Ikae karibu, isiguse.”

Siku pampu ilipowashwa, wodi ilivuma kama mzinga wa nyuki. Maji yalicheza kwenye glasi. Wazazi wakahamishiwa koridoni na vichanga vyao. Injinia, mama mmoja asiyepandisha sauti, akauliza nani alikagua. Shemeji akajibu ni yeye, kila mahali, mpaka kingo. Akafukuzwa palepale, ikaamuliwa sakafu yote ivunjwe.

Kwa hiyo hakuacha kazi, dada. Alikudanganya, na najua kwa nini.

Kingo zilikuwa zangu. Gundi iliniishia kwenye nguzo iliyo nyuma ya pampu, umebaki urefu wa mkono tu. Stoo wakasema ningoje kesho. Nami nilikuwa nimejigamba kwa wenzangu kwamba nitamaliza kabla yao. Basi nikaujaza upenyo ule saruji, nikapaka gundi juu kama siagi kwenye mkate.

Siku ile nilimkimbilia shemeji getini nikamweleza yote. Nilitegemea kofi. Alinisikiliza huku akivua viatu vya kazi, akasema, “Nyamaza. Una miezi miwili tu hapa, na dada yako alikukabidhi kwangu. Mimi nitapata kazi kwingine. Wewe ukitoka na sifa hii, nani atakuchukua?” Akaniapisha nisikwambie. Nikanyamaza, dada. Tangu hapo kila ukuta ninaouegemea nausikia ukivuma, hata wa chumbani kwangu.

Barua yako ndiyo iliyonishinda. Wavunjaji walikuwa waanze leo. Asubuhi nikawatangulia, nikaenda kwa injinia, nikasema. Hakunitukana. Alinipa patasi na nyundo, akasimama nyuma yangu nikiichokoa ile saruji mpaka punje ya mwisho. Pampu ikawashwa. Tukashuka wodini, akaweka kiganja ukutani, nami nikaweka changu. Kimya. Muuguzi alikuwa ameanza kurudisha vitanda. Injinia akasema nimalize wiki hii niende zangu, na shemeji arudi Jumatatu kwenye nafasi yake. Nikasema sawa, nikamrudishia patasi na nyundo.

Dada, huyo unayemnunia hapo sebuleni kosa lake ni kunibebea mzigo wangu kwa ajili yako. Mpe habari hii kwa mdomo wako mwenyewe, usimwachie barua aisome. Najua atanikasirikia kwa kuvunja kiapo. Mkiamua kunikasirikia wote wawili, sitalalamika.

Nibusie wapwa. Jumamosi nitakuwa sina kazi, Jumapili nitakuja. Nikikuta umenifungia mlango, nitakaa kibarazani mpaka uchoke.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere