Sare Yako na Mji wa Ziwani

Guangzhou

Dada Mwanahawa,

Kaa kitako kwanza usije ukadondoka: mdogo wako ndiye mwanamume mzuri kuliko wote huku. Watoto wakiniona wanakimbia kuita mama zao, na hao mama wakishafika hawataki kuondoka. Nikudanganye ili iweje.

Hujambo lakini? Na Mama, magoti yake yanaendeleaje? Mimi mzima, shavu limejaa. Najua unachotafuta humu ni habari ya vitambaa vya sare ya harusi yako. Tulia, nitafika.

Nimehama Sanyuanli, ule mtaa wangu wa mjini Guangzhou. Sasa nakaa mji mpya kando ya ziwa, mwendo wa saa nzima kwa basi. Juzijuzi tu palikuwa na mpunga na bata. Sasa kila ukigeuka ghorofa jipya limeota, na mwenye nyumba wangu, mfuga bata wa zamani, anavaa tai hata akienda kutupa takataka. Alfajiri mji mzima unamiminika kituoni kwenda kazini Guangzhou, magharibi wote tunarudi. Nami nimo, nimesimama kama karani. Wewe uliyesema nitaishia kuchunga mbuzi, unasikia?

Basi, vitambaa nilinunua soko la Zhongda, zambarau ileile uliyotaka, majora manne. Wenzangu wakishanunua hupeleka mzigo ofisi ya shehena siku hiyohiyo, upakiwe kwenye kontena. Mimi nikaubeba mpaka ziwani. Nilitaka majirani waone harusi ya kwetu inavyopambwa. Wakaona kweli. Mwenye nyumba akavipapasa, akaniita, "Laoban," yaani bosi. Nikavimba.

Kesho yake foleni ya basi ilikuwa imezunguka ziwa. Basi la kwanza kondakta akayakataa majora yangu, la pili likajaa, la tatu ndilo likanibeba. Nilipofika, Hamisi, karani wa shehena, Mtanga mwenzetu, alikuwa anakunywa chai.

"Bwana mkubwa wa ziwani," akasema, "kontena limeshaondoka. Lingine mwezi ujao."

Nisalimie Mama, Babu, na shemeji mtarajiwa, mwambie namwonea huruma. Barua hii anakuja nayo Bi Salma, mfanyabiashara wa Unguja. Nilimwomba abebe japo jora moja, akanionyesha mabegi yake yalivyojaa pomoni.

Dada, nimepiga hesabu ya siku kila namna. Kontena hilo litafika harusi imeshapita. Mama na mashangazi watasimama nawe bila sare. Usimlaumu Hamisi, wala meli. Ni mimi, kwa kutaka kuonekana.

Mdogo wako,
Athumani