Mama Alisema Karibu, Mtu Akaketi

Nairobi, Jumapili. Mawingu, baridi, na manyunyu yasiyotaka kuwa mvua.

Mama atahamia Nairobi. Amesema mwenyewe leo asubuhi, mezani kwa mdogo wangu Hamisi, huku akipuliza chai.

Sikulitarajia hilo. Safari hii ya siku tatu ilikuwa ya kutembea tu, au ndivyo tulivyomwambia. Hamisi alitaka auone mji kwanza, ndipo aamue kama ataiacha nyumba ya Msambweni, anamoishi peke yake tangu baba afariki. Mimi nimeandika habari za Kwale, kaunti yetu, nusu ya maisha yangu. Nilisema, bila kusita, kwamba atakataa.

Mwanzoni dalili zilikuwa upande wangu. Mlango wa lifti ulipofunguka, Mama alipiga hodi. Waliokuwemo waliendelea kutazama simu zao. Tulipopanda juu ya jengo refu la mikutano, alizitazama barabara kwa muda, kisha akasema, "Watu wote hawa waenda. Yuko aliyefika?"

Nikacheka. Hamisi hakucheka.

Jana tuliketi kwenye bustani katikati ya jiji. Mama alikuwa amekaanga mahamri jikoni kwa Hamisi, akayabeba pamoja na bakuli la mbaazi. Akapita mpiga picha, mmoja wa wale wanaowapiga wageni picha na majengo nyuma yao. Mama, mdomo umejaa, akamwambia, "Karibu, mwanangu."

Kwetu neno hilo lina jibu lake. Apitaye husema "starehe", akaendelea na njia. Mmoja ameonyesha ukarimu, mwingine ameonyesha haya, na chakula kimebaki kilivyokuwa.

Huyu aliweka kamera kwenye nyasi, akaketi.

"Asante sana, mathe. Hizi mandazi zako zinanukia mpaka huko barabarani."

"Mandazi kitu gani! Haya ni mahamri, baba. Onja iliki hiyo, kisha uniambie tena mandazi."

Akaonja, akaomba msamaha, akachukua jingine. Mama akamsogezea bakuli. Wakazungumza juu ya mama yake aliyeko Bungoma, na juu ya magoti, ambayo mama huyo na wetu wanaumwa sawasawa. Wageni walipita wakiitazama kamera yake. Hakuinuka.

Leo, baada ya tangazo lake, nilimwuliza Mama sababu.

"Mji huu wajua maana ya karibu," akasema. "Kule nasema karibu kila siku, majirani wajibu starehe, wapita. Hata wewe. Kila Jumamosi, juu ya pikipiki, injini yanguruma: starehe, mama!"

Nikamweleza kwamba yule kijana hakujua tu desturi yetu.

"Basi msimfundishe."

Hamisi aliinamia kikombe chake.

Bado nadhani anakosea. Kijana mmoja mwenye njaa si mji mzima, na ghorofa ya Hamisi haina kibaraza cha kukaribishia mtu. Lakini hayo ni maoni yangu. Uamuzi ni wake, na ameshautoa.

Kesho tunapanda treni kurudi. Mama ataanza kufunga vyombo vyake, na Hamisi atakuja kumchukua mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo zipo Jumamosi mbili. Zote mbili nitakuwa Msambweni wakati wa chakula cha mchana, injini imezimwa.