Matusi ya Mtani Wangu Si Takataka

Mpendwa mtani,

"Hakuna kilichopotea. Blogu zetu zimesafishwa tu, na anayelilia uchafu arudi kwenye daftari lake."

Maneno hayo si yangu, ungeyatambua kwa ulegevu wake. Ameyaandika bwana mmoja wa hapo Korogwe anayejiita mtaalamu wa mitandao, katika kundi letu la wanablogu, siku ya tatu baada ya sisi kukuzika. Mwishoni akaweka kidole gumba. Nimewahi kusoma watu waliotetea viboko na waliotetea ujinga, lakini mtu anayesifu ufagio uliomwaga chakula cha watoto kwa kuwa ufagio ni mpya, huyo ni wa kwanza. Nakuandikia nikueleze walichokufanyia wakati ambao huwezi kujibu. Ungekuwapo, bwana huyu angekuwa ameshahama mji.

Unaukumbuka ukurasa wetu wa zamani wa kuandikia blogu yetu, *Mwiba wa Mkonge*. Ulikuwa mweupe na mtupu kama ua lililofagiwa asubuhi. Unaandika, unaweka picha, unabonyeza "Chapisha", basi. Miaka yote hiyo, mimi nikiandika huku Chanika, Handeni, na wewe ukituma picha kutoka studio yako Korogwe, hatukuhitaji semina. Sasa wenye programu wameibadilisha. Kila aya imefungiwa kwenye kisanduku chake, kama vidonge kwenye rafu za duka la dawa. Nikitaka kuhamisha sentensi moja, kisanduku kizima kinanifuata. Picha haikai tena ubavuni mwa maneno kama ulivyopenda. Inapanda juu na kujitanua, mfano wa mgeni aliyekaribishwa kiti akachukua kitanda. Nikiandika kwa hasira, pembeni kunatokea ushauri: "Jaribu lugha ya upole zaidi." Naambiwa mimi, ambaye maofisa wa wilaya huvuka barabara ili tusisalimiane.

Hayo ningeyazoea. Mtu wa umri wangu amezoea upumbavu wa aina nyingi. Lakini programu hii imekuja na msafishaji wake. Anapitia kila kilichoandikwa, cha leo na cha zamani, na kinachofanana na tusi anakificha. Maoni yako yote, kuanzia oni la kwanza kabisa, sasa yamo ndani ya kabati lililoandikwa "Lugha ya chuki".

Chuki, mtani. Mimi na wewe.

Walioitengeneza mashine hiyo wako mbali na siwalaumu kwa kutojua. Huyu wa Korogwe ndiye asiyesameheka, kwa sababu amezaliwa hapa na anajua vizuri kwamba Mnyamwezi na Mzigua ni watani. Babu yako alipofika kutoka Tabora kukata mkonge, hajui mtu wala njia, alikuta watu wanaomtukana bila kumjua, na hapo ndipo alipotua mzigo, maana alijua amefika kwa ndugu. Mtani anakutukana ukiwa hai. Ukifa anakuja kukutukana mbele ya watoto wako, naye peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha watu matangani. Bila yeye waliofiwa wanabaki na donge ambalo halishuki wala halitoki. Hayo anayajua kila mtu kutoka Handeni mpaka Lutindi, aliyesoma na asiyesoma. Inatakiwa elimu ya pekee kuyasahau.

Sisi tulijuana kwa tusi. Ulikuja Chanika kupiga picha za harusi ya mdogo wangu, na picha ziliporudi, mjomba wangu mkubwa hakuwa na kichwa. Nilikupigia simu nikakueleza kwa kirefu nilivyokuona. Ukanisikiliza mpaka mwisho, kisha ukauliza kwa sauti ya pole, "Samahani mama, wewe kabila gani?" Nikasema Mzigua. Ukasema, "Basi tatizo si kamera. Nilitafuta kichwa sikukiona." Nikajua nimepata mtu.

Blogu tuliianza kwa sababu ya maji. Wakubwa walikuwa wamesema mabomba ya mtaa wetu yanafanya kazi, nawe ukaja na kamera ukapiga picha ya koki yetu, mjusi ametoa kichwa mdomoni mwake, ametulia kama mwenye hati ya nyumba. Niliandika maneno makali chini ya picha ile, lakini sentensi iliyosambaa wilaya nzima ilikuwa yako, kwenye maoni: "Msiwaonee huruma Wazigua, wao huoga kwa kutazama mawingu." Watu wakamiminika. Wanyamwezi wa mashamba ya mkonge upande mmoja, sisi upande mwingine, matusi yakapishana wiki nzima, na katikati ya matusi hayo watu wakataja kila koki iliyokauka, mtaa kwa mtaa. Hakuna barua rasmi ambayo ingekusanya ushahidi ule. Yamefichwa yote. Picha ya mjusi imebaki peke yake, watu wasiojua watadhani tulikuwa blogu ya wanyama.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya mjusi.

Alipokufa mama yangu, ulifika kabla ya majirani. Jeneza lilipokuwa tayari kutolewa, ulijilaza kizingitini umekumbatia sufuria, ukasema bibi hatoki humu mpaka ukoo ukiri kwamba alikuwa anaficha mapaja ya kuku. Wajomba zangu, watu wazima wa msikitini, wakakubembeleza. "Mnyamwezi, tupishe, jua linakwenda." Ukajibu, "Kirini kwanza." Wakakiri. Mimi nilikuwa nimekaa na macho makavu tangu alfajiri ya jana yake, nimekauka kama ile koki. Nikacheka. Kicheko kikageuka, ukajua kimegeuka, ukainuka taratibu ukapisha njia.

Jioni ya siku ya tatu ukaandika chini ya tanzia yake: "Huyu bibi alininyima paja mara tatu. Malaika, kazi kwenu, hesabuni kuku vizuri. Na mkimkuta ameficha moja kwenye sanda, mwacheni, alikuwa anamwekea binti yake."

Nimesoma vitabu vingi, unavijua, ulivitumia kuinulia kamera. Hakuna ukurasa niliourudia mara nyingi kuliko mistari hiyo. Kila mwaka siku aliyofariki naufungua. Mwaka huu nikifungua nitakuta maandishi ya kijivu: "Maoni haya yameondolewa ili kulinda hadhi ya marehemu." Hadhi ya mama yangu inalindwa na mashine isiyomjua, dhidi ya mtu aliyemwoshea vyombo.

Sasa niseme kosa langu kabla yule bwana hajalisema. Mlango niliufungua mimi. Ulikuwa umelazwa, ujumbe wa mabadiliko ukaja, nikakusomea kando ya kitanda: "Tunakuletea mazingira salama na ya kupendeza zaidi. Tafadhali, kwa hiari yako, bonyeza Kubali." Ulikuwa huna nguvu ya kuinua kikombe, lakini ulisema, "Mzigua, usibonyeze kitu kilichoandikwa kwa adabu nyingi hivyo." Nilibonyeza. Mimi ninayejisifu kusoma kila kitu sikusoma kilichokuwa chini yake. Nilikuwa na haraka, nilitaka kuchapisha kuhusu barabara. Barabara yenyewe iko vilevile.

Ulipoondoka nilifanya kazi yangu. Nilivaa koti lako la kijivu na kofia yako, nikatembea mbele ya jeneza lako kwa ule mwendo wako wa mguu mmoja kuuomba mwingine ruhusa. Nikafika mbele ya waombolezaji, nikawaelekezea viganja kama kamera, nikasema, "Simameni wima, na wenye sura mbaya wakae nyuma. Nyuma zaidi. Mbona mbele mnakwisha wote?" Mkeo, mama Anjela, hakuwa amefungua kinywa kwa siku mbili. Alicheka mpaka wakamshika. Kisha akalia, na akala.

Baada ya hapo nikaandika tanzia yako kama unavyostahili. Nilisema amekufa Mnyamwezi mvivu aliyewakata vichwa nusu ya wazee wa Handeni bila kufikishwa mahakamani. Nilisema ardhi ya Korogwe imeomba iongezewe muda wa kujiandaa. Nikabonyeza "Chapisha". Ujumbe ukaja kabla sijaondoa kidole: "Chapisho hili linadhihaki marehemu na kabila. Limefichwa."

Kilichoachwa wazi ni rambirambi moja, safi, yenye maua. Imeandikwa na jirani yako wa mpaka, yule aliyekuburuza kwenye baraza la kata miaka miwili kwa ajili ya miti ya michongoma. "Tumempoteza mtu mwema na jirani mpendwa." Hii ndiyo mizani ya programu yao mpya, mtani. Aliyekuombea uanguke amepewa kiti cha mbele, na aliyevaa koti lako amefukuzwa msibani.

Wiki ileile ya mazishi mama Anjela alinipigia.

"Mtani, ndugu wa Tabora wananiuliza. Wamefungua blogu, hawamwoni. Hukumwandika?"

"Nimemwandika, shemeji. Wamemficha."

Akauliza, "Kwa kosa gani?"

Nikamwambia angoje. Mimi, mtani, mwenye jibu la kila kitu.

Nikafungua lile kabati nianze kukutoa, oni moja moja. Kwa kila oni mashine inauliza: "Je, maneno haya yanaweza kumuumiza mtu?" Ukisema ndiyo, yanafutwa. Ilibidi niseme hapana, na huo ni uongo, kwa sababu yaliuma. Sindano isiyouma haina dawa. Nikadanganya mara nyingi. Kisha ikaja hatua ya pili: "Tumemtumia mwandishi wa maoni haya ujumbe. Asipothibitisha ndani ya siku thelathini, maoni yatafutwa kabisa." Mwandishi ni wewe. Wanakusubiri ujibu. Laini yako imeshafungwa, na barua pepe yako uliifungulia dukani kwa mtu, nenosiri ukalisahau siku hiyohiyo ukatulaumu Wazigua. Nimewaandikia wenye programu kwamba umekufa. Wamejibu kwa adabu nyingi kwamba wanathamini maoni yangu.

Siku thelathini zimebaki tisa.

Kwa hiyo bwana mtaalamu ameshinda: nimerudi kwenye daftari. Nimenunua kaunta buku nene, na kila siku baada ya sala ya alasiri nanakili kwa mkono kila ulichoandika, pamoja na makosa yako ya herufi. Mkono unauma. Mara nyingine inabidi nisimame kwa sababu nacheka. Nimefika kwenye paja la kuku, nimeandika mistari ile kwa kalamu nyekundu.

Lala, Mnyamwezi. Kule uliko kama kuna picha, waambie wakukate kichwa, watu wapumzike. Sitakusamehe kwa kuniacha na watu hawa wapole.

Nawageukia sasa wanaosoma barua yako juu ya bega langu, maana ulipenda watazamaji. Ninyi wenye blogu wa Handeni na Korogwe mliobonyeza "Kubali" kama mimi: fungueni kabati lenu leo, msingoje kesho, nakilini kilichomo kabla siku zenu hazijaisha. Ninyi watani wake, siku ya arobaini njooni nyumbani kwake Korogwe, kila mmoja na tusi moja alilotukanwa naye, nami nitaliandika mbele yenu.

Na wewe, bwana mtaalamu, siku hiyo kuna kiti chako. Hutahitaji kompyuta. Utapewa daftari hili, utasimama mbele ya mama Anjela, utasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti mpaka mwisho, halafu utamwonyesha kwa kidole neno ambalo ni uchafu.

Mtani wako,
Mzigua wa Chanika