Lujain alivyomgeuka Keziah

Selipher, Keziah wetu anatolewa Jeddah, anapelekwa Riyadh. Amenipigia sasa hivi na simu ya dereva, yake imechukuliwa.

Ni Lujain. Yule binti wa madam anayemfanyia kazi, ambaye Keziah alikuwa akimfundisha fizikia pale jikoni. Na unamjua Keziah, hamfanyii mtu hesabu. Anakuuliza tu, sanduku linasukumwa na halisogei, ni nini kinalizuia? Anangoja mpaka ufikirie mwenyewe.

Leo mwalimu akampigia madam, eti kazi ya Lujain imekopiwa. Madam akamuuliza binti yake mbele ya Keziah. Akajibu, "Keziah ndiye alinifanyia."

Alinifanyia. Akimwangalia usoni.

Keziah akasema, "Madam, muulize swali lolote, atakujibu mwenyewe." Madam akasema halas, yaani basi, funga nguo, unaenda kwa mama yangu Riyadh.

Akiwa anapanga begi, Lujain akaingia na kitabu. Kesho mwalimu anataka aeleze ubaoni. "Keziah, nisaidie hii moja tu."

Hata pole hakusema, Selipher. Keziah anasema alikuwa ameshashika kalamu kabla hajakumbuka. Akaiweka chini, akafunga zipu.