Barua Uliyoinyamazia

Kaka Mfaume,

Shikamoo sikupi leo. Ninayo, ila nimeiweka kando kwanza. Tutaonana mwisho wa barua.

Watu husema marehemu asemwe kwa mema. Mema yako nimeyasema matanga mazima, kwa kila aliyeingia na kila aliyetoka, mpaka sauti ikanikauka. Kwamba ulikuwa balozi wa nyumba kumi usiyependelea mtu. Kwamba hukuwahi kula peke yako mgeni akiwa barazani. Yote ni kweli. Juzi tumesoma arobaini yako, ndugu wa Likawage na Pande wamerudi kwao, masufuria ya watu nimeyarudisha, na sasa nimekaa na daftari langu la kisomo nikuandikie yaliyobaki. Usiniambie nipunguze sauti. Hayo umeniambia vya kutosha.

Unajua neno lako la mwisho kwangu lilikuwa lipi? Siku nane nimekukalia kitandani, nakugeuza, nakufuta jasho, nakunywesha kwa kijiko. Ukafumbua macho, nikainama nisikie wosia. Ukasema, "Somoe, huu uji hauna chumvi." Basi. Ukaenda zako.

Nilicheka, Kaka. Halafu nililia, na mpaka leo nikipika uji mkono wangu unaongeza chumvi wenyewe. Hemedi mwanao anakunywa hivyo hivyo. Hilo pia linanikasirisha, kwamba hata kukuchukia vizuri siwezi.

Lakini nitajaribu.

Unakumbuka lile gari la sinema? Mwaka wa pili tangu watuhamishie hapa Kiranjeranje, nyumba bado mbichi, zimepangwa mstari kama wanafunzi kwenye gwaride. Likaja na shuka jeupe na kipaza sauti. Baada ya swala ya magharibi tukakaa chini kijiji kizima. Wakatuonyesha kwanza namna ya kuchimba choo, tukapiga miayo. Kisha wakatuwekea picha ya Wazungu, ya zamani, na yule mtu wa kipaza sauti akawa anatufasiria.

Ilikuwa ya fundi viti mmoja, mtu mzima, kipara kimeanza, anaishi peke yake. Ng'ambo ya barabara kuna mwanamke mshonaji, naye si binti, naye yuko peke yake. Kila mmoja ana meza na kiti kimoja. Wanasalimiana dirishani mwaka mzima, basi. Vijana walianza kuzomea, wakisema hawa wazee wanatafuta nini. Wewe ndiye uliyewanyamazisha. Mwisho yule fundi akabeba kiti kwenye mvua, akavuka barabara, akasimama mlangoni kwa mwanamke bila kubisha hodi. Ukasimama wewe, balozi mzima, machozi yanakutiririka, ukalipigia shuka kelele: "Mfungulie, mama! Mfungulie, mvua inamnyeshea!"

Kijiji kizima kilikuona. Na Athumani alikuona.

Athumani huyu, mjane wa safu ya tatu ya nyumba, tulikaa naye benchi moja kwenye kisomo cha watu wazima. Mimi na miaka yangu arobaini, mtalaka nisiye na mtoto, yeye anakaribia hamsini. Alikuwa anakandamiza penseli mpaka inavunjika, nami namchongea. Hatukuwahi kusemezana la ziada. Lakini usiku ule alikuona ukilia, akajiambia, mtu anayewalilia wageni hivi hataacha kumhurumia dada yake. Masikini, machozi yako aliyachukua kuwa ni ruhusa.

Wiki haikwisha, mshenga wake akaleta posa. Barua ndani ya leso nyeupe, imefungwa fundo, inanukia udi. Aliiandika Athumani kwa mkono wake, barua ya kwanza ya maisha yake. Ukaipokea kwa mikono miwili, ukasema, "Tumeisikia, tutashauriana." Ukaiweka kwenye sanduku lako la bati, juu ya shati lako la Idi.

Misimu sita ya korosho, Kaka! Kila mshenga akija, "Bado tunashauriana." Na nani? Baba na mama wako Likawage chini ya udongo. Baba mdogo hasikii hata adhana. Ulikuwa unashauriana na mbuzi? Nilipokuuliza mimi mwenyewe, ukaniambia huyo ni Mmakonde, ana chale usoni, kwao hatukujui. Mwislamu mwenzio, anasali nyuma ya mgongo wako kila Ijumaa! Siku nyingine ukaniambia, "Kwa umri huu, Somoe, watu watatucheka." Nilikuwa nakupakulia ugali.

Na hapo ndipo palipo jibu, si kwenye chale. Wifi alipofariki nilimlea mwanao. Nikakufulia, nikakupikia, nikakukandia mgongo ukitoka kuokota korosho. Uliogopa kubaki na kiti kimoja mezani. Ungeniambia hivyo, Wallahi ningekuelewa, tungepanga, tungejenga nyumba jirani. Ukaona bora unifungie mimi ndani ya leso. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kinaniita "dada yangu" mbele za watu.

Sasa sikiliza yaliyotokea jana.

Athumani amekuja kuaga. Lori la korosho linaondoka Jumapili, na mzigo wake ameshaufunga, anarudi kwa dada yake Newala. Hakuingia ndani. Alisimama uani, kofia mkononi, akamwambia Hemedi, "Mwanangu, kama ile barua yangu ipo, nirudishieni niondoke nayo." Hakuwa na hasira hata kidogo. Hasira zote ninazo mimi.

Nikafungua sanduku lako. Leso ilikuwa palepale, fundo lake halijaguswa. Hata kuisoma hukuisoma! Mtu amevunja penseli ngapi, wewe hata fundo hukulifungua.

Hemedi ndiye walii wangu sasa, mtoto niliyemlaza mgongoni. Akaishika ile leso, akainamisha kichwa. "Shangazi, nisamehe. Baba alikataa. Siwezi kuvunja neno la marehemu." Nawe unamjua, umemlea hivyo, neno lako kwake ni sheria. Ungekuwa umesema hapana, hata mara moja, hata kwa hasira, mambo yangu yangeishia hapo uani.

Nikamuuliza, "Alikataa lini? Posa ikikataliwa, barua hurudishwa kwa mwenyewe. Hii ilirudishwa lini?"

Akaligeuzageuza lile fundo. Kisha akaniuliza swali ambalo katika misimu sita hakuna aliyeniuliza, na wewe ndiye wa kwanza usiyeniuliza: "Shangazi, wewe unamtaka?"

"Namtaka," nikasema. Nikalisema kwa sauti, na Athumani akalisikia kule uani, akavaa kofia, akaivua tena.

Basi ndivyo ilivyokwenda. Ujanja wako wa kutojibu ndio ulioniachia mlango. Fundo limefunguliwa. Barua yenyewe ina mistari minne na makosa saba, nimeyahesabu, na sitamruhusu mtu ayasahihishe. Jibu kaandika Hemedi, kama walii wangu. Ndoa ni Ijumaa hii baada ya swala. Nimeulizwa mahari, nimesema kiti. Wazee wakatazamana, lakini Athumani kacheka mpaka kashika mbavu, na leo tangu asubuhi namsikia akigonga mbao. Lori litaondoka na korosho tupu.

Nina furaha, Kaka. Na nina uchungu na wewe, na ninakukumbuka kila ninapoonja uji. Vyote vitatu viko ndani ya kifua kimoja, sijui vitakaaje pamoja.

Nakuahidi hivi. Kaburi lako halitaota majani, nitalisafisha kwa mkono wangu. Yasini nitakusomea kila Alhamisi, maana kisomo kimenifungua macho. Hemedi hatalala na njaa hata siku moja, mpaka naye aoe. Kukusamehe sijaahidi, hilo naliacha kwa Mungu, Yeye ana subira kuliko mimi.

Jumamosi asubuhi nitakuja hapo makaburini na mume wangu. Nitavua viatu, nitasimama upande wa kichwa chako, nikuletee ile shikamoo niliyoiweka, nikwambie, "Kaka, huyu ndiye shemeji yako." Najua hutajibu. Misimu sita umekuwa hodari wa kunyamaza. Lakini safari hii, Kaka yangu, ukinyamaza nitasema umekubali.

Dada yako,
Somoe